Mlango wa Mabingwa

Mwenyekiti wa klabu alinipigia simu asubuhi ya siku ya mechi, nikiwa bado nakunywa chai.

"Mzee Nondo, shikamoo. Tunaomba uje uwanjani na mashine yako. Kuna kakazi kadogo ka kuchomelea."

"Kuchomelea nini?"

"Ule mlango. Tunataka ufungwe moja kwa moja. Kufuli halitoshi tena, yule binti wa Radi anatusumbua mno. Na nani mwingine wa kuufunga kama si nahodha aliyepita hapo na kombe mara ya mwisho? Hiyo ni heshima yako, mzee wangu."

Alilitamka neno heshima kama mwenye duka anayekupa pipi kwa sababu hana chenji. Nikakata simu bila kuaga.

Mke wangu alikuwa upande wa pili wa meza akikunja nguo. "Nani kakuudhi tena?"

"Mwenyekiti."

"Basi nikumiminie chai nyingine. Hiyo itakuwa imeshachacha kwa hasira."

"Anataka niuchomelee ule mlango."

Aliacha kukunja. Huyu mwanamke alikuwa akikata tiketi getini enzi zetu, na mambo ya klabu anayajua kuliko wanakamati wote wakiwekwa pamoja. "Ule ule?"

"Ule ule."

"Na utakwenda?"

"Nitakwenda."

"Ukauchomelee?"

"Sijui bado." 

"Vaa lile ovaroli kuukuu," akasema. "Ukigombana na watu ukiwa na shati zuri, wewe unamaliza hasira zako, mimi nabaki na sindano."

Ili hasira yangu ieleweke, lazima niueleze mlango wenyewe. Chini ya jukwaa kuu la uwanja wetu kuna korido inayotoka vyumba vya kubadilishia nguo mpaka kwenye nyasi. Mwisho wa korido kuna mlango wa chuma wa vipande viwili, mrefu kuliko mtu yeyote niliyewahi kucheza naye. Enzi zetu, wapinzani walikuwa wanausikia kabla hawajatuona. Ulikuwa unagonga ukuta kwa kishindo, halafu tunatoka. Siku tuliyochukua kombe la mwisho tulipita hapo, mimi na Radi, mshambuliaji wetu, kila mmoja kashika mkono mmoja wa kombe, na nyuma yetu golikipa wetu Sumaku akilia kama mtoto.

Msimu uliofuata tukaanza kufungwa. Kamati ikakaa. Mimi nilikuwa juu ya paa la ghala fulani nachomelea mabomba, hakuna aliyeniuliza neno. Ikaamuliwa kwamba mlango ufungwe, na timu yoyote isipite hapo mpaka ilete kombe jingine. Eti vijana wapate uchu.

Basi tangu siku hiyo wachezaji wetu wanaingia uwanjani kwa kigeti cha wafagiaji, nyuma ya jukwaa, ubavuni mwa vyoo. Kigeti chenyewe kiling'oka zamani, imebaki fremu ya chuma tu, na fremu ni fupi. Ukipita unainama. Ukishainama unaruka mtaro wa maji machafu, na ukishauruka unajikuta mbele ya watazamaji huku umeziba pua. Ndivyo ilivyo kila wiki. Waliokuja, walioondoka, waliostaafu, wote wameinama pale. Sasa mniambie: mtu unamwinamisha kwanza, unampitisha chooni, halafu unamwambia nenda ukawe bingwa?

Tukashuka daraja. Tukakaa huko, tukashuka tena. Msimu uliopita tulifungwa nyumbani na timu ya kiwanda cha mikate, na mashabiki wao walitupungia mikate mpaka mwisho wa mchezo.

Siyo kwamba nilinyamaza. Kila mkutano mkuu nilisimama nikasema fungueni mlango. Walikuwa wananiachia niseme mpaka nimalize, kisha Mwenyekiti anasema, "Tumpigie makofi Mzee Nondo, hazina ya klabu," wanapiga makofi, wanaendelea na ajenda inayofuata. Nimepigiwa makofi mpaka nikayachukia.

Mwaka huu wakatangaza kwamba klabu inajengwa upya. Ujenzi wenyewe ulikuwa hivi: mlango ulipakwa rangi ya buluu, na juu yake wakaandika kwa dhahabu, kipande cha kushoto MLANGO WA, kipande cha kulia MABINGWA. Wakachapisha skafu. Picha zetu za zamani zikakuzwa zikatundikwa ofisini, mimi nikiwa na nywele, mkubwa kuliko nilivyo. Mipira ya mazoezi ilibaki ile ile yenye viraka.

Kitu kimoja tu cha maana walikifanya, na walikifanya kwa bahati. Walimwajiri binti wa Radi kuwa kocha. Radi mwenyewe ametangulia mbele ya haki, naye binti ni mwalimu wa michezo shuleni. Wachezaji wanamwita Mwalimu. Mimi ananiita Baba Mdogo, kwa kuwa mimi na baba yake tulikuwa tunagawana hata soksi. Walidhani atakaa tu kwenye picha na skafu. Badala yake aliwakimbiza wale vijana mpaka wakapata pumzi, aliwafundisha kupasiana kama watu wanaopendana, na timu ikaanza kupanda. Wiki hiyo ya mechi aliiambia kamati kwa mdomo wake: timu inaingia kwa mlango mkubwa, au ikiingia tena kupitia chooni, mimi siku hiyo hiyo naondoka. Na sote tulijua kwamba akiondoka, hakuna mwingine wa kuja.

Jibu la kamati lilikuwa kunipigia simu mimi.

Nilifika uwanjani na mashine, grinda ya kukatia chuma, na waya mrefu wa umeme umenizunguka begani. Sumaku alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya mlango, upande wa nyasi, skafu mpya shingoni, mikono yake mikubwa juu ya magoti. Siku hizi ni mwanakamati. Magoti yamekufa lakini mdomo mzima.

"Karibu, nahodha," akasema. "Nimekuja kuhakikisha unafanya kazi safi. Enzi zile ulikuwa unaacha mianya nyuma."

"Mianya nilikuwa naiacha ili upate kazi. La sivyo ungelala golini."

Akacheka. Mwenyekiti naye akaja mbio mbio, suti, viatu vinang'aa, akaniamkia mara mbili kwa furaha. "Hapa katikati, mzee, juu mpaka chini. Mimi nawahi kupokea wageni." Akaondoka.

Nikiwa natafuta tundu la umeme, Mwalimu akatokea. Aliangalia mashine, akaniangalia mimi. Ana macho ya baba yake yale ya kabla ya kupiga penalti.

"Kumbe na wewe, Baba Mdogo."

"Sogea, cheche zinachoma."

"Wewe, kati ya watu wote! Baba angekuwa hai ungethubutu?"

"Nimesema sogea, binti."

Sina maelezo kwa nini sikumwambia kitu cha kumtuliza. Mimi nikiwa na hasira sina maneno mazuri, na hasira haikuwa yake. Nilivaa miwani, nikawasha grinda, nikaiweka si kwenye mlango, bali kwenye kufuli.

Sumaku aliruka, kiti kikaanguka, kama mpira umempita miguuni. "We! We Nondo! Unafanya nini?"

Kufuli likaanguka. Mnyororo ukafuata. Kule mbele Mwenyekiti alisikia grinda inalia, akanipungia mkono kutoka jukwaa la wageni, akidhani kazi inakwenda vizuri.

"Usifungue," Sumaku akasema, na safari hii hakuwa anafoka. Alinishika mkono. "Nondo, nakuomba. Mimi sina kitu kingine. Watoto wako mbali, mke hayupo, nyumba ya kupanga. Nikiuona huu umefungwa najua kwamba kilichopita hapa kilikuwa kikubwa. Ukimpitisha kila mtu, sisi tutakuwa nani?"

"Tutakuwa wazee wawili waliowahi kucheza mpira."

"Mimi sitaki kuwa huyo."

Maneno hayo yangenilainisha siku nyingine. Siku ile nilivuta mlango kwa mikono yote miwili. Ulilia, ukagoma, ukafunguka.

Ndipo nikaona korido yetu. Viti vya plastiki vilivyopangwa mpaka darini. Mahema ya sherehe. Mabango ya maadhimisho ya kila mwaka, yamekunjwa, yameliwa na panya, na juu ya kila bango sura zetu. Pale tulipolibeba kombe walikuwa wameweka stoo! Walituambia pamekuwa patakatifu, hapaguswi, kumbe wao wanaingia kwa mlango wa ndani kila sherehe kuchukua viti vya kukalia wakitusifu.

Nikamgeukia Sumaku. "Ulijua?"

Alisogea kizingitini akachungulia ndani. Uso wake ulinijibu. Hakujua, maskini. Alilinda viti.

Mwalimu alishaingia kati ya viti, akaanza kuvirusha pembeni. Aliita wachezaji wake wakaja na jezi za mazoezi, wakabeba, wakasukuma, na korido ikapata njia katikati. Nikasimama pale kwenye mwanga nikihisi, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, kwamba kuna kazi imefanyika.

"Haya," Mwalimu akasema. "Twendeni tukapashe miili."

Wakageuka wote kama kundi la ndege, wakatoka kwa mlango wa ndani, wakaenda kushoto. Wakainama. Wakaruka mtaro. Wakatokea uwanjani kupitia chooni.

Sikuamini. Nilipaza sauti mpaka koo likakwaruza: "Nyie! Mlango huu hapa! Mmepofuka?"

Nahodha wao, beki mrefu mwenye adabu, alirudi hatua chache akaweka mkono kifuani. "Shikamoo, mzee. Tumeuona. Lakini ule si wetu. Sisi bado hatujachukua kitu."

Alisema kwa upole, bila uchungu wowote, kama mtu anayekueleza kwamba nyumba unayoiulizia ni ya jirani. Angenitukana ningemsamehe. Ule upole wake ndio uliniua. Watu wazima walikaa kwenye viti wakamlea kijana huyu mpaka akawa mrefu hivi, na ndani yake wakamkalisha mtumwa.

Mwalimu alikuwa ameketi juu ya hema lililokunjwa. Alianza kuweka vitu vyake kwenye begi, filimbi, saa, koni za mazoezi.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Umewaona mwenyewe. Nilisema wakipita kule naondoka. Nilidhani napigana na kamati." Alifunga zipu. "Namalizia mechi ya leo kwa ajili yao, basi. Asante, Baba Mdogo. Na samahani kwa yale maneno."

"Samahani yako baki nayo. Njoo unisaidie hapa."

Niliweka grinda kwenye bawaba za kipande cha kulia. Cheche zilimwagika mpaka kwenye nyasi. Bawaba ya juu ikakatika, ya katikati, ya chini, na kipande chote cha chuma kikaniegemea begani kama mlevi. Wachezaji walimaliza kupasha miili, wakarudi vyumbani kuvaa jezi, na walipita wapi? Chooni, bila shaka. Mmoja mmoja, wakiinama.

"Shika upande ule," nikamwambia Mwalimu.

Aliangalia chuma, akaangalia kule vyooni, akashika. Tulikiburuta wote wawili, mzee na mwalimu wa shule, tukitukana kwa zamu kila kilipotuponyoka. Tulikisimamisha juu ya fremu ya kile kigeti. Kilikuwa kipana kuliko uwazi, vizuri kabisa. Nikavuta waya, nikachomeka kijiti cha kuchomelea, nikashusha kinga ya uso.

Nimechoma vyuma maisha yangu yote. Nimechoma ngazi, matangi, madirisha ya watu wanaoogopa wezi. Nilikwenda shule ya jioni nikiwa baba wa watoto tayari, nijifunze kusoma michoro, ili nisiwe fundi wa kuambiwa shika hapa choma pale. Lakini sijawahi kuchoma kwa nguvu kama siku ile. Sikuweka nukta za kushikiza tu. Niliweka mshono, kulia, juu, kushoto, chini, mpaka moshi ukanitoa machozi na fremu na kipande vikawa chuma kimoja.

Nilipoinua kinga ya uso, wachezaji walikuwa nyuma yangu, wamevaa jezi, njumu zinalia kwenye sakafu. Walikuwa wamekuja kupita. Walisimama wakasoma yale maandishi ya dhahabu, MABINGWA, ubavuni mwa vyoo vya wanaume, na mmoja akaanza kucheka akajizuia.

"Msiguse," nikawaambia. "Cha moto."

Mwenyekiti alifika anahema, skafu imemwangukia mgongoni. "Mzee Nondo! Nini hiki? Nilikutuma uchomelee mlango!"

"Nimechomelea."

"Siyo huu!"

"Ulisema ule usiofaa kupitwa. Mimi nimeutafuta nikauona huu hapa."

"Sikusema hivyo! Umeharibu mali ya klabu! Umeharibu historia!"

"Historia ni mimi!" Sasa nilikuwa nimepaza sauti mpaka jukwaa likageuka. "Ni mimi na Radi na yule pale kwenye kiti! Hatukutoka jasho kwa ajili ya stoo yako ya viti! Kama unataka kupita chooni, pita wewe na suti yako!"

"Kateni hicho chuma!" akawaambia wachezaji, kama vile walikuwa na meno ya kukatia. "Nani ana grinda?"

Grinda ilikuwa mkononi mwangu. Waya nilikuwa nimeshauzungusha begani.

Refa akapiga filimbi, kuita timu. Timu ya mikate, wapinzani wetu siku hiyo tena, ilikuwa imeshasimama katikati, wametulia, wanatutazama tunavyogombana. Refa akapiga tena, akaonyesha saa yake. Timu isiyotokea inapoteza mechi, hilo kila mtu analijua.

"Mwalimu, fanya kitu!" Mwenyekiti akalia.

Mwalimu alikuwa ameegemea ukuta, mikono myeusi kwa masizi. "Mimi?" akasema. "Wao ndio wenye miguu."

Nahodha alitazama chuma kilichokuwa bado kinafuka moshi. Alimtazama Mwenyekiti. Alinitazama mimi, na nilimkazia macho kama nilivyokuwa nawakazia mabeki wangu waliotaka kurudi nyuma. Kisha akageuka akaingia koridoni, na wengine wakamfuata, mimi na Mwalimu nyuma yao, kati ya viti na mahema na mabango yenye sura zetu. Njumu zao ziligonga saruji mle ndani, na mlio ule niliujua. 

Alipofika kizingitini, penye mlango mrefu kuliko mtu yeyote, yule kijana akainama.

"Inua kichwa!" Hatukupanga, mimi na Mwalimu tulifoka pamoja. "Inua kichwa, we mtoto!"

Akainua. Akatoka kwenye jua.

Sumaku alikuwa amekirudisha kiti chake pale pale, katikati ya njia, anasubiri sijui nini. Nilidhani atawazuia. Nahodha alisimama mbele yake akasema, "Shikamoo, mzee, tunaomba njia." Sumaku hakuitikia. Lakini alikunja miguu yake, ile mibovu, mmoja baada ya mwingine kwa kuishika na mikono, akaiweka chini ya kiti. Wakapita wote.

Tulitoka sare, bila bao. Vijana wetu walikosa mabao ambayo mke wangu angefunga akiwa na khanga. Baada ya mechi Mwalimu aliwafokea koridoni mpaka sauti ikakauka, na mwisho wa kuwafokea akasema, "Jumatatu mazoezi, na atakayechelewa asije." Begi lake lilikuwa limefunguliwa, koni ziko nje. Hilo ndilo nililokuwa nalisubiri. Nikakusanya vyombo vyangu nikaenda nyumbani.

Sumaku mpaka leo hanisalimii. Mwenyekiti alitafuta fundi mwingine wa kukata ule mshono wangu, na nasikia fundi huyo alikuja, akauangalia, akauliza nani kauchoma, akajibiwa, akaondoka. Kamati imeniita kwenye kikao nikajieleze. Nitakwenda, na shati zuri nitavaa. Ila wakianza kunipigia makofi, grinda ninayo.